Seva ya apu ndogo ya gesi na maji: Johannesburg, Frankfurt ama hapahapa Nairobi?

Mtungi13

Wadau habari za jioni. Niko na swali na nitalieleza kwa urefu kidogo juu nimeona watu wakiuliza mambo ya seva bila kusema apu yao inafanya nini, halafu wanajibiwa "inategemea" na mambo yanaishia hapo.

Mimi na dada yangu tunauza gesi na maji ya kunywa Pipeline, Tassia na upande wa Fedha. Miaka miwili iliyopita nilitengeneza apu, mteja anaagiza kwa simu, raida anapata oda, akifika mlangoni anabonyeza LIPISHA, ombi la M-Pesa linaingia kwa simu ya mteja, mteja anaweka PIN, halafu skrini ya raida inageuka kijani na kuandika IMELIPWA. Hapo ndio raida anaachilia mtungi. Tuko na wateja kama 600 kwa mwezi na raida 14. Si kitu kikubwa lakini ndio inalisha nyumba mbili na hao vijana.

Shida ni hii. Mteja anapata meseji yake ya M-Pesa, anamwonyesha raida "si hii hapa nimelipa", na skrini ya raida bado inazunguka. Nilikuwa nawaambia ni simu zao. Jumamosi nikaamua kwenda mwenyewe na raida mmoja nione. Gorofa ya tano, hakuna lifti, kijana ana mtungi wa kilo 13 begani, mama ametoka na leso kiunoni, simu mkononi, ameweka PIN, meseji imeingia tiii, na sisi tumesimama tu hapo mlangoni tukiangalia kaduara. Nilihesabu sekunde 11. Mama akauliza kwa upole kabisa kama tunadhani yeye ni mwizi. Huyo mama ananunua kwetu tangu wiki ya kwanza. Hiyo kitu ilinikaa rohoni, sijalala vizuri.

Mpangilio wangu: apu iko Frankfurt kwa VPS, yaani seva ya kukodi, na databesi yangu ya Postgres iko kwa ile huduma ya bure niliyofungua nikianza, iko Virginia, Marekani. Picha za mitungi na chupa nimeziweka kwa hiyo VPS. Nalipa kama 1,900 kwa mwezi na naweza kupanda mpaka 5,000. Mpango wangu ni kuhamisha apu ikae Johannesburg juu ni karibu na sisi, databesi niiache venye iko juu ni ya bure na haijawahi kunisumbua. Sasa kwa mtu wa Nairobi, Johannesburg ni bora ama Cape Town? Ama nitafute seva hapahapa nyumbani?

WaKaloleni

Johannesburg, usifikirie sana.

Rijoni kubwa za klaudi, yaani vituo vya seva vya kampuni kubwa, huku kwetu ziko Afrika Kusini. Azure walifungua Johannesburg 2019, AWS wakaja Cape Town Aprili 2020, Google wakaweka yao Johannesburg Januari 2024. Mimi niko South B na nikipiga pingi, kupima muda wa data kwenda na kurudi, kwa wifi ya nyumbani napata Johannesburg kama milisekunde 60, Cape Town 80, Frankfurt 160, Virginia 240. Cape Town inachelewa kidogo juu kebo zetu za baharini za kwenda kusini zinatua Mtunzini upande wa KwaZulu-Natal, na kutoka hapo Johannesburg ni karibu, Cape Town bado kuna safari ya nchi kavu.

Ukienda AWS Cape Town ujue kwa akaunti mpya hiyo rijoni huwa imezimwa, unaingia kwa mipangilio unaiwasha mwenyewe, watu wengi huitafuta wakidhani haipo. Na bei iko juu, mashine ileile unailipia zaidi kuliko Ireland. Data inayotoka kule ni dola 0.154 kwa giga na Ireland ni 0.09, ingawa giga 100 za kwanza za kila mwezi ni bure, na kwa oda za gesi sidhani utafika huko.

SevaNaSukuma

Mimi naona mnapeleka mtu mbali bure. Wateja wako wote wako Embakasi bro, hakuna hata mmoja anaagiza mtungi akiwa Johannesburg. Weka seva Nairobi. Mimi napata milisekunde 5 kwa seva yangu ya hapa, wakati mwingine 3, juu trafiki inapita KIXP, pale kampuni za intaneti za Kenya zinapobadilishana trafiki, haitoki nje ya nchi kabisa. Vijana wa siku hizi hawajui hiyo kitu ilipiganiwa. KIXP ilianza mwishoni mwa 2000 ikafungwa na mdhibiti mwaka huohuo, ikaruhusiwa tena 2002. Kabla ya hapo barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilikuwa inapanda satelaiti iende ng'ambo ndio irudi mtaa wa pili. Sasa tumepata njia fupi na bado tunaihepa.

Halafu kuna pesa. Ukilipa hapa bili ni ya shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa inakaribia 160, miezi michache baadaye ikashuka ikawa kama 129. Mtu mwenye bili ya dola aliona moto hiyo Januari na hakuwa ameongeza hata mteja mmoja.

Mtungi13

@SevaNaSukuma nakuelewa, na kwa kweli nilianzia hapahapa. Sitataja kampuni. Ijumaa jioni, na Ijumaa ndio siku yetu kubwa, seva ikazima. Nikapiga simu haishikwi, nikatuma barua pepe hakuna, nikaenda mpaka ofisini kwao Jumamosi nikakuta kufuli. Jumatatu saa nne asubuhi ndio nikajibiwa, diski imekufa. Nikauliza bekapu, kumbe bekapu zilikuwa zinakaa kwa hiyo diski moja. Wikendi nzima tuliuza gesi na daftari la kurasa 96, dada anapiga simu kwa kila mteja anauliza "wewe ulikuwa umelipa?" Ndio nikahama nikaenda Frankfurt. Sijasema kampuni zote za hapa ziko hivyo lakini nikisikia seva ya Nairobi moyo unaruka.

SevaNaSukuma

Pole sana kaka, hiyo ni kuumiza mtu. Lakini hapo shida si Nairobi, ni aliyekuuzia. Nairobi kuna data senta za ukweli, ile ya Mombasa Road pale Sameer iko tangu 2013, iColo nao wako, umeme wa njia mbili, jenereta, watu usiku na mchana. Tatizo ni kwamba wengi wanaouza VPS za bei ya chini wamenunua mashine moja wanaigawa vipande hamsini. Kabla hujalipa uliza mashine iko jengo gani, na nani anashika simu Jumamosi saa tano usiku. Na uipige hiyo namba Jumamosi saa tano usiku kabla ya kulipa. Mimi nilifanya hivyo na nilikataa wawili.

DadaWaKweri

Ngojeni kidogo jamani. Mtungi13 rudi usome mpangilio wako mwenyewe. Apu Frankfurt. Databesi Virginia. Hapo ndio pesa yako na sekunde zako zinapotelea, na hakuna mtu amekugusia.

Kati ya Frankfurt na Virginia, kwenda na kurudi, ni kama milisekunde 90. Hiyo ni kwa swali moja. Kila mara apu inauliza databesi kitu, oda hii ni ya nani, raida ni nani, bei ya mtungi ni ngapi, imelipwa ama bado, inavuka Atlantiki, inangoja jibu, inarudi, ndio inauliza lingine. Hebu fikiria duka lako liko Pipeline na stoo iko Mlolongo, na mteja anataka mtungi, regyuleta na paipu. Sasa kijana anatumwa Mlolongo kuleta mtungi, anarudi, anatumwa tena kuleta regyuleta, anarudi, anatumwa kuleta paipu. Pikipiki iko sawa kabisa, barabara iko sawa, lakini mteja amezeeka.

Sasa wewe unataka kusogeza duka karibu na mteja na stoo uiache palepale. Kutoka Johannesburg mpaka Virginia ni zaidi ya milisekunde 220 kwenda na kurudi. Yaani ukifanya huo mpango wako, mteja atafika dukani haraka kidogo, halafu duka litamngojesha zaidi ya mara mbili ya sahii. Nimeona mtu akifanya hii kitu kwa apu ya shule, alihamia karibu ili iwe haraka, ikawa mbaya mpaka akadhani ameshambuliwa.

Usihamishe chochote bado. Washa logi za Postgres ama weka kitu cha kuhesabu ndani ya apu, ufungue ile skrini ya raida mara moja tu, uhesabu ni kweri ngapi, yaani maswali mangapi kwa databesi, zinaenda. Na uniambie skrini inajuaje kama imelipwa, inasukumiwa ama inauliza kila baada ya muda?

Mtungi13

Dada nimehesabu. Nimehesabu mara tatu juu sikuamini. Skrini ya oda ya raida inapiga kweri 38. Thelathini na nane! Inavuta oda, halafu kwa kila bidhaa ndani ya oda inavuta bidhaa, bei, picha, punguzo, halafu historia ya mteja, ambayo raida hata haioni.

Na skrini inauliza kila sekunde 5. Ikiuliza inapakia ukurasa mzima upya, zile 38 zote.

Jibu la M-Pesa likiingia pia kuna kweri 12 kabla oda iandikwe imelipwa.

DadaWaKweri

Haya tupige hesabu pamoja. Jibu la malipo limeingia kwa apu, kweri 12 mara milisekunde 90, karibu sekunde 1.1 ndio oda inaandikwa imelipwa. Kama skrini ya raida ilikuwa imetoka tu kuuliza, inakaa mpaka sekunde 5 ndio iulize tena. Ikiuliza, 38 mara 90, sekunde 3.4. Hapo tayari uko 9.5. Ongeza simu ya raida kufungua muunganisho upya mpaka Frankfurt, na muunganisho mpya si safari moja, kuna safari ya kusalimiana, safari ya kukubaliana ufunguo wa TLS wa kuficha data njiani, halafu ndio ya swali lenyewe, tatu mara 160 ni karibu nusu sekunde. Mtandao wa kwa ngazi za gorofa ya tano utakupatia iliyobaki. Hizo ndizo sekunde 11 za mama.

Sasa angalia ukiweka apu na databesi mahali pamoja, chumba kimoja, ambapo kweri moja inachukua milisekunde 1 hivi. Zote mbili Frankfurt: 160 za safari na 38 za kweri, jumla kama 200. Zote mbili Johannesburg: 60 na 38, kama 100. Zote mbili Nairobi: hata 50 hazifiki. Kati ya 200 na 50 raida mwenye mtungi begani hawezi kuona tofauti, kwa jicho ni kitu kimoja. Lakini kati ya 200 na 3,580 ndio mama anaitwa mwizi. Kwa hivyo kwanza viishi pamoja. Mji gani ni swali la pili, na ni dogo kuliko venye watu wanaligombania hapa.

Na hiyo skrini usiiache hivyo hata ukihamia jirani. Tengeneza kaanwani kadogo kanakojibu kitu kimoja tu, oda namba fulani imelipwa, ndiyo ama hapana. Kweri moja. Skrini ikaulize kila sekunde 2, haitachosha seva wala bando la raida. Historia ya mteja itoe.

Halafu upande wa malipo, kuna kitu hujauliza lakini itakuuma siku moja. Usitegemee jibu la M-Pesa lije peke yake. Ukituma ombi unapewa namba ya ombi, CheckoutRequestID, ihifadhi palepale. Ikipita kama sekunde 20 jibu halijaingia, apu yako iulize yenyewe hali ya ombi hilo, Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa, iko na njia ya kuuliza. Na jibu likija mara mbili, mara ya pili lisifanye kitu, angalia namba ya risiti kama tayari unayo. Kuna duka moja nililosaidia lilikuwa linaandika malipo mara mbili, na hesabu ya jioni ilikuwa inakataa kila siku kwa miezi, mwenye duka alikuwa ameanza kushuku mfanyakazi wake. Huyo msichana hakuwa amefanya chochote.

mzee_wa_kebo

Nimekuwa kwa mambo ya mtandao tangu enzi ya satelaiti, kabla kebo za baharini za Seacom na TEAMS zitue Mombasa 2009, kwa hivyo mtaniruhusu niongeze upande ambao huyu dada hajagusa, na mengine yote aliyosema ni ya kweli.

Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi mpaka Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama 2,900, kwa hivyo kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 29, upende usipende. Mnaona 60 juu kebo hainyooki, inashuka Mombasa, inafuata pwani, inatua, inapanda tena bara. Hiyo njia ndiyo mnapaswa kuiangalia, si ramani ya ndege.

Februari 2024 kebo tatu zilikatika Bahari ya Shamu, AAE-1, EIG na Seacom, baada ya ile meli Rubymar kupigwa na kukokota nanga. Njia ya kwenda Ulaya ikabanwa. TEAMS yetu inaenda Fujairah, kule Falme za Kiarabu, haikuguswa. Halafu Mei 12, 2024, Jumapili, ilikuwa Siku ya Mama nakumbuka vizuri juu wanangu wote walikuwa wanajaribu kumpigia mama yao video, EASSy na Seacom zikakatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Hapo njia ya kusini ndiyo ilikufa. Aliyekuwa na seva Johannesburg aliona trafiki yake ikizunguka dunia. Ndani ya miezi mitatu kaskazini imeguswa na kusini imeguswa. Kwa hivyo mtu akikuambia Afrika Kusini ni salama kuliko Ulaya ama kinyume chake, muulize ni mwezi gani.

Kebo zingine pia tuko nazo, PEACE iko Mombasa, 2Africa imetua, hali si ile ya zamani. Lakini ushauri wangu kwa biashara ndogo ni huu. Seva iweke mahali pamoja panapokufaa kwa bei na kwa watu wanaoishughulikia. Bekapu iweke upande mwingine wa kebo. Seva ikiwa Frankfurt, bekapu ya kila usiku iwe Nairobi. Seva ikiwa Nairobi, bekapu iwe Frankfurt. Na uwe umejaribu kuirudisha, bekapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Picha zako zipitishe CDN, yaani seva zilizotawanyika miji mingi zinazoshika nakala karibu na mteja. Cloudflare wako Nairobi na Mombasa, za kutumia bure zinakutosha. Picha itatoka hapa mjini, na hata ile salamu ya TLS ambayo dada ameeleza inamalizikia hapa badala ya kuvuka bahari, halafu kutoka hapo wanatumia muunganisho wao uliokwisha kufunguliwa. Bila kuhamisha seva hata sentimita moja umepunguza safari mbili.

Na mtu asikwambie ungoje rijoni ya Kenya. Oracle walitangaza yao Januari 2024, Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, wakatangaza ya umeme wa mvuke wa Olkaria Mei mwaka huo. Ni mambo mazuri, nayaombea. Lakini gesi unauza leo.

wakili_mtaani

Kitu kifupi juu naona hakuna amegusa. Unashika jina, namba ya simu, na nyumba ya mtu mpaka gorofa na mlango. Hiyo ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria haikatazi kuipeleka nje ya nchi, inataka uwe na msingi, mfano mteja amekubali, ama inahitajika ili utimize mkataba naye, na uwe na kinga za kutosha kule inakoenda. Andika kwa apu yako kwa Kiswahili cha kawaida kwamba taarifa zinahifadhiwa nje, wapi, na kwa nini. Mistari mitatu inatosha.

Kanuni za 2021 ziko na orodha ya shughuli ambazo lazima angalau nakala moja inayofanya kazi iwe data senta ya Kenya, kama usajili wa raia, uchaguzi, shule za msingi na sekondari, mifumo ya malipo yenye leseni. Wewe unapokea malipo tu, huendeshi mfumo wa malipo, hauko hapo. Ungekuwa unatengeneza apu ya shule tungeongea mengine.

Lakini usajili kwa Kamishna wa Data uangalie. Wanaosamehewa ni wenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka NA wafanyakazi chini ya 10, yote mawili pamoja, na hata hapo kuna biashara zingine hazisamehewi. Wewe umesema raida 14. Usingoje barua.

SevaNaSukuma

Mzee wa kebo nakubaliana na wewe kuhusu bekapu, na dada hesabu yako sina la kupinga. Bado nasema kwa wateja wa Embakasi seva ya Nairobi ndiyo ya haki, lakini nakubali kama ni 200 dhidi ya 50 mtungi haujui. Mtungi13 ukitaka pa kuweka bekapu hapa nitakuelekeza kwa inbox, si biashara yangu.

Mtungi13

Wadau nimerudi. Imepita wiki mbili na nusu, samahani kwa kunyamaza, nilikuwa kwa kazi hii kila usiku duka likifungwa.

Nilichofanya. Nilibaki Frankfurt. Nilikuwa nimeshafungua akaunti ya Johannesburg na kupiga hesabu, kwa mashine ya ukubwa ninaotaka ingeenda karibu na ile 5,000 yangu yote, na Frankfurt palepale nimepata VPS yenye ram mara mbili kwa 2,700 hivi. Hiyo tofauti ni petroli ya raida. Nikaweka Postgres ndani ya hiyo VPS mpya pamoja na apu. Databesi yote ilikuwa giga 1.8 tu, nilikuwa naiogopa bure. Siku moja kabla nikashusha TTL ya domeini, muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya zamani, mpaka sekunde 300, halafu Jumatatu saa tisa usiku, wakati hakuna mtu anaagiza gesi, nikafunga apu, nikatoa nakala kwa pg_dump, nikaipandisha huku, nikahesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili mpaka zikalingana, nikageuza domeini. Dakika 40. Anwani ya majibu ya M-Pesa sikuigusa juu inatumia domeini, ikafuata yenyewe. Dada yangu alikaa macho na mimi, yeye ndiye alijaribu oda ya kwanza, chupa moja ya maji, akalipa kwa simu yake.

Skrini ya raida sasa inauliza kweri moja. Ile ya kuuliza hali ya ombi baada ya sekunde 20 nimeiweka, na kwa hizo wiki mbili imeokoa malipo saba ambayo majibu yake hayakuingia. Saba! Zamani hayo saba yalikuwa ni ugomvi mlangoni saba.

Picha ziko kwa CDN. Bekapu inatumwa Nairobi kila saa nane usiku, @SevaNaSukuma asante kaka, na nilipiga ile simu Jumamosi saa tano usiku kama ulivyosema, ilishikwa kwa mlio wa pili. Juzi nikairudisha bekapu kwa laptopu yangu nikaona oda zote ziko. @wakili_mtaani fomu ya Kamishna nimeanza kuijaza, na ile mistari mitatu iko kwa ukurasa wa kujiandikisha.

Jana nilipanda tena ile gorofa ya tano. Nilienda kumwomba mama msamaha kwanza, akasema alikuwa amesahau, sijui kama ni kweli. Aliagiza kilo 13. Akaweka PIN, nikaanza kuhesabu kimyakimya, nikafika mbili. Skrini ya kijana ilikuwa kijani na mama bado anatafuta miwani asome meseji yake.

DadaWaKweri

Hapo sawa kabisa. Bado kitu kimoja. Ile databesi ya Virginia iko na majina na milango ya wateja wako wote na hakuna mtu anaiangalia tena. Iache wiki mbili kama una wasiwasi, halafu uifute, na nenosiri lake kama ulilitumia mahali pengine libadilishe leo.

Mtungi13

Nililitumia mahali pengine. Naenda kubadilisha sahii.